Programu Inayouliza Kisima Chako

Garissa, Ijumaa mchana, 1999. Jua kali, upepo wa vumbi, feni inazunguka bila kusaidia.

Maduka yamefungwa kwa swala na barabara iko kimya. Mimi, Mkamba wa Kitui niliyeletwa huku na riziki, huu ndio wakati wangu wa kuandika. Katika chumba changu cha kuchapia barua za watu hakuna mteja hata mmoja. Jioni diski hii itapanda basi kwenda Nairobi kwa mpwa wangu, aiweke kwenye ule ukurasa wangu wa mtandao ambao sijui kama kuna mtu anayeusoma.

Leo sijali kama unasomwa. Nina jambo la kukiri.

Nilimshauri Deka vibaya.

Deka ni jirani yangu, binti wa Kisomali. Duka la baba yake la dawa za mifugo na chumba changu vinagawana ukuta mmoja. Alisomea kompyuta India, na wenzake wote aliosoma nao wako kwenye maofisi ya Nairobi. Yeye alirudi nyumbani baba yake alipopata kiharusi, akakaa nyuma ya kaunta akiuza dawa za minyoo na za kupe. Kati ya mteja na mteja nilikuwa nikisikia vidole vyake kwenye kibodi, tak tak tak, mwaka mzima, na sikujua anaandika nini. Nilidhani ni barua za kuomba kazi.

Kumbe alikuwa akiandika programu. Kompyuta yake haitumii ule mfumo wa kununua ambao mimi ninao. Inatumia Linux, ambao ni wa bure, na mtu yeyote mwenye akili ya mambo hayo anaweza kuufungua, kuusoma ulivyoandikwa na kuubadilisha. Juu ya huo ndipo Deka alipotengeneza programu ya maduka madogo kama la baba yake. Akaiita Zizi. Kazi yake ni kukumbuka: nani alichukua dawa gani, chupa ya namba gani, ile ya kiwandani inayopigwa kwenye chupa zote za toleo moja, kwa mnyama gani.

Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu programu moja ya kununua. Ilikuwa ikitaka jina la kwanza, jina la mwisho, sanduku la posta na namba ya simu, na usipojaza yote haikuruhusu kuendelea. Sasa mfugaji wa Griftu, huko Wajir, ana sanduku gani la posta? Na akina Mohamed Abdi ni wangapi katika mkoa huu?

Zizi inauliza jina lako, la baba yako na la babu yako. Halafu inauliza jina la utani, kwa sababu hapa ndilo linalomtambulisha mtu. Anayechechemea ni Langare, aliye mrefu ni Dheere, na hakuna anayekasirika. Mahali pa anwani, Zizi inauliza hivi: unanywesha mifugo kisima gani?

Mara ya kwanza nilipoona swali hilo kwenye kioo nilicheka. Kisha nikazikumbuka fomu zangu. Miaka sita nimejaza fomu za watu wa hapa, nikiandika "hana" kwenye nafasi ya anwani, mamia kwa mamia ya "hana". Haikunijia hata siku moja kwamba ni fomu iliyokuwa na kasoro.

Lakini nilikuwa nikieleza kosa langu.

Mtaa wa pili kuna duka jingine la dawa za mifugo, la Farah Dheere. Yeye na baba yake Deka wamegombania wateja tangu kabla sijafika Garissa. Farah ana kompyuta kuukuu aliyopewa na shemeji yake, iliyozeeka hata programu mpya za kununua haziwezi kuingia ndani yake. Mwaka jana alisikia habari za Zizi, akamsimamisha Deka barabarani kuuliza. Deka alibeba CD na diski zake, akakaa katika duka la Farah siku tatu, akamwekea Linux, akamwekea Zizi, akamfundisha. Hakumtoza hata chai.

Siku hiyo nilimwita kando. Nikamwambia, "Deka, wewe ni msomi lakini hujui biashara. Hicho ndicho kitu pekee ulicho nacho ambacho yeye hana. Kwa nini unamkabidhi?"

Alinitazama kwa upole unaokera. "Mama Mwende, hata mimi nilipewa. Linux yenyewe sikuinunua. Na ile sehemu ya kuchapisha orodha nilishindwa nayo miezi miwili. Ilirekebishwa na mwanafunzi mmoja wa Kampala ambaye sijawahi kumwona. Wenzangu wa Nairobi walimtumia Zizi yote kwa barua pepe, akaitengeneza, akairudisha. Na Farah ningemfungia?"

Nilimwambia hayo ni maneno ya vitabuni. Niliona nimesema kweli, na nililala vizuri.

Sasa, Jumatano ya juzi.

Asubuhi aliingia dukani kwa Deka mfugaji mmoja, Abdi Langare, amefungia chupa ndani ya kikoi. Nilikuwa kwenye kaunta nikichenji noti. Aliona mimi si wa kwao, akaanza kwa Kiswahili kwa heshima yangu. "Mama, mimi nabiga mbuzi sindano juzi. Mbuzi nne. Moja inasimama, tatu imekufa."

Deka aliichukua chupa. Ni ile ya dawa ya homa inayochomwa mbuzi na ngamia vilevile, ya kioo cha kahawia, kwa hiyo kwa nje huoni kitu. Alivuta kidogo kwa bomba la sindano akainua kwenye mwanga. Dawa hiyo huwa ya manjano. Hii ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi.

Akaenda kwenye boksi, akavuta chupa nyingine yenye namba ileile. Nyeusi. Ya tatu, nyeusi. Afisa wa mifugo alipoitwa alitazama mara moja tu. Alisema zimeungua njiani, pengine lori lilikwama juani siku nyingi, na dawa ikifika hapo inageuka sumu. Mtu yeyote asiguse namba hiyo.

Asiguse ni rahisi kusema. Je, wale waliokuwa tayari wameondoka nazo?

Sikuona Deka akihangaika. Aliketi, akaandika namba ya chupa, na printa ile ya utepe ikaanza kulia kama cherehani. Majina saba yalitoka. Jina la baba, la babu, la utani, aina ya mifugo, na mwisho wa kila mstari, kisima. Baba yake, ambaye mkono mmoja haufanyi kazi, aliishika karatasi kwa ule mwingine akaisoma yote polepole. Akaiweka juu ya kaunta. Alimwekea binti yake kiganja kichwani, basi.

Kisha Deka akasema, "Lori lilikuwa moja. Boksi jingine lilishuka kwa Farah."

Nikaenda naye. Walizungumza Kisomali, na baada ya miaka sita ninafuata. Farah aliangalia boksi lake, namba ileile, rangi ileile. Uso ulimbadilika. Lakini Deka alipomwomba orodha ya walionunua, alifunga mikono kifuani.

"Hao ni wateja wangu. Nikupe majina yao, na visima vyao, uwe unawapelekea dawa wewe?"

Nilijua hili lingekuja. Nusu yangu, Mungu anisamehe, ilifurahi kwamba nilikuwa nimesema.

Deka hakubishana. Alitoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua juu ya kaunta, akaigeuza imtazame Farah. Wateja wa baba yake, wote saba.

"Adeer," akasema, neno wanalomwitia ami au mtu mzima wa heshima, "chukua hii kwanza. Ibaki kwako."

Farah aliisoma. Alisimamisha kidole kwenye jina moja, labda mteja aliyewahi kumvuta aje kwake akamkosa. Halafu akazunguka kwenye kompyuta yake kuukuu, akaketi, akaandika namba kwa kidole kimoja, na majina yakatoka.

La tatu kwenye orodha yake lilikuwa la Habiba, mjane, anayenywesha upande wa Griftu. Alikuwa amechukua chupa sita kwa ngamia. Farah alimjua. Alisema mume alikufa mwaka wa mafuriko, na wale ngamia ndio chakula cha watoto wake, ndio karo, ndio kila kitu. Alisema pia kwamba alimshauri awachome wote siku moja akishawakusanya kisimani.

"Atawakusanya lini?" Deka akauliza.

"Hakusema."

Jana, Alhamisi yote, ilikwenda hivi. Farah na Deka kwenye kibanda cha redio, kile ambacho watu hulipia kuita Wajir na Mandera, wamekaa bega kwa bega wakisoma orodha mbili. Mwenye redio alikuwa akirudia kila jina: fulani wa fulani, anayeitwa hivi, wa kisima kile. Kila upande mtu alikuwa akijibu, ndiyo, tunamjua. Fikiria kama wangekuwa na majina mawili na sanduku la posta tu. Kwa waliokuwa karibu, madereva wa malori ya mifugo walibeba ujumbe. Kufika jioni wamepatikana wote isipokuwa Habiba. Kutoka Griftu kijana mmoja alikuwa ametumwa kisimani kwa miguu, na redio ikafungwa kabla hajarudi.

Leo asubuhi nilifungua chumba changu mapema kuliko kawaida na nikashindwa kuchapa hata barua moja. Saa tatu na nusu, nikiwa dukani kwa baba yake Deka, Farah akaja. Farah Dheere, ambaye sijawahi kumwona akivuka mlango wa duka hili. Aliinama kidogo kupita, akamsalimia mzee kwa mikono miwili, ndipo akasema, "Wamemkuta. Alikuwa amewafunga ngamia watatu wa kwanza, sindano iko mkononi. Hakuchoma."

Mzee alisema alhamdulillahi, akamwonyesha Farah kiti. Farah akaketi. Nikawaacha wanakunywa chai.

Deka nilimkuta nyuma, anaosha uso kwa maji ya ndoo. Nilitaka kumwambia nilichokuja kumwambia, kwamba angenisikiliza mwaka jana, zile karatasi za Farah zisingekuwepo, na Habiba angekuwa amechoma. Akanitangulia.

"Mama Mwende, kuna kasoro. Zizi ingepaswa kutuonya yenyewe kwamba duka jingine lina namba ileile. Nitaanza wiki ijayo." Akajipangusa kwa shali. "Na hakuna mwongozo. Wenye maduka wa Mandera wameniomba, nitawapa diski, lakini nani atawafundisha? Mimi siwezi kuandika vitu vya kusomwa na watu."

Mimi naweza. Ni kazi yangu, kuandika vitu vya kusomwa na watu.

Swala inaisha, nasikia viatu barabarani. Niliyemwona hajui biashara ndiye aliyenionyesha maana ya jirani, na nina umri wa kuwa dada yake mkubwa. Kesho Jumamosi sipokei barua za mtu. Nitakaa upande wake wa ukuta, anifundishe Zizi kutoka mwanzo, na nitaandika kila hatua kwa Kiswahili chepesi, bila kutoza kitu.