Kisahani cha Mzee Nizar

Mama Hawa, mke wangu,

Kabla hujaendelea, inuka uangalie kama mlango umefungwa. Nakuomba sana, haya ninayokuandikia yabaki kwako peke yako. Usimsomee mama, usimdokezee dada Mwajuma hata akikubembeleza, na ukimaliza zifiche karatasi hizi pale unapoweka kanga zako za harusi, chini kabisa. Najua utacheka na kusema, huyu Idrisa na woga wake. Cheka, lakini funga mlango.

Ndiyo maana sikukupigia. Simu yako ikilia nyumba nzima inakusanyika, na nikituma sauti inasikilizwa na jirani kabla hujaisikia wewe. Barua hii nimempa Bi Tatu, mama mmoja wa ghorofa ya juu yetu hapa Dixon, Toronto, anayekuja Kondoa kumwangalia baba yake. Ameniahidi ataikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Mpe chai, umshukuru, usimwambie kilichomo.

Sasa nikusalimu vizuri. Hujambo, mke wangu? Kile kikohozi cha Hawa kimeisha? Bado anamwita kila kuku Paka? Miguu ya mama inaendeleaje, amepunguza kukaa kwenye sakafu yenye baridi? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Kulala ndiyo habari yenyewe, maana nimeanza kulala wiki hii tu.

Nyumbani wote wanaamini mimi ni mwajiriwa kamili. Wewe peke yako unajua kwamba kazi hii ya ukarani, katika ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, niliingia kwa majaribio, na majaribio yenyewe yalikuwa yaishe mwezi huu. Tulikubaliana hivi: wakinibakiza, naanza kuwaombea wewe na Hawa mje. Wasiponibakiza, tulisema tutaona, na wote wawili tulijua hakuna cha kuona. Basi mwezi huu wote meneja akipita nyuma ya kiti changu vidole vilikuwa vinasahau herufi. Nilikuwa nahakiki kila shehena mara mbili, kisha nikifika nyumbani naanza kuwaza labda ile ya asubuhi nilikosea.

Siku moja katikati ya wiki Mzee Nizar akaja mezani kwangu. Huyu ndiye mwenye kampuni. Ni Mhindi aliyezaliwa Tabora, na Kiswahili chake ni kile cha dukani cha zamani, safi kuliko changu. Alinigusa bega akasema, "Jumamosi utakuja nasi mlimani." Hakusubiri jibu, akaenda zake.

Meza ya jirani anakaa Ochieng, kijana wa Kisumu anayeishi mtaa wa Weston. Aliegemea kiti akanitazama kama mtu anayetoa pole msibani. "Buda, umeitwa mlimani? Huko ndiko watu hufutwa kazi. Wanakupatia hewa safi kwanza, ndio usilie sana."

Nikamuuliza kama anatania. Akasema yeye hatanii mambo ya kazi, akarudi kwenye kompyuta yake akipiga mluzi. Usiku huo sikula.

Sasa nikueleze mlima wenyewe. Uko kaskazini ya Toronto, mwendo wa kutosha kwa gari. Wakati wa baridi watu huja kuteleza kwenye theluji, wanashuka kutoka juu kama wamefukuzwa. Kiangazi theluji hakuna, ni majani mabichi tu na maua ya njano, lakini vile viti vya kupandishia watu vinaendelea kufanya kazi. Ni viti hasa, Mama Hawa, vimening'inizwa kwenye waya wa chuma. Unakaa, wanakufungia ufito wa chuma mbele ya tumbo, kisha miguu inabaki hewani na nchi inashuka chini yako.

Huko juu wanacheza mchezo wanaouita gofu ya visahani. Kila mtu ana kisahani cha plastiki, unakirusha kuelekea mlingoti mfupi wa chuma. Mlingoti una kikapu, juu ya kikapu inaning'inia minyororo ya kukamata kisahani, na juu kabisa ya minyororo kuna bati la mviringo kama kifuniko cha sufuria. Mwenye kurusha mara chache mpaka kisahani kiingie kikapuni ndiye hodari. Ukiingiza kwa mrusho mmoja, hilo ni jambo la kuhadithia wajukuu. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Mimi nilidhani tunakwenda kwenye kikao, kwa hiyo nilivaa shati jeupe, tai, na vile viatu vyeusi ulivyoninunulia.

Wenzangu walikuwa wamevaa kaptula. Ochieng aliponiona alishika magoti kwa kucheka. Mzee Nizar hakucheka. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba. Umependeza. Nani anaoa?"

Tuligawanywa wanne wanne. Mimi, Ochieng, Mzee Nizar, na rafiki yake wa miaka mingi, mzungu mmoja anayeitwa Bwana Ross, ambaye kazi yake siku nzima ni kumchokoza mzee. Kila wanapokutana kwenye mlima ule wanashindana, na hakuna wanachoshindania isipokuwa kuchekana mpaka mwaka unaofuata.

Wewe unajua tulivyolelewa. Mzee ana umri wa babu yangu, na kila kisahani kinahitaji mtu ainame au anyooshe mkono kikapuni kukitoa. Ningesimamaje nimtazame? Kwa hiyo kila akimaliza kikapu kimoja nilikuwa nakimbia, nakitoa kisahani chake, nakifuta kwa leso, nampelekea kwa mikono miwili. Bwana Ross aliuliza kama na yeye anaweza kuazima kijana wa namna hii. Ochieng alinong'ona, "Unalamba viatu mpaka soli." Mzee mwenyewe alisema, "Idrisa, acha niiname. Daktari ndiye aliyenileta huku niiname." Nikaitikia ndiyo mzee, halafu nikaendelea. Mikono ilikuwa haisikii.

Tulipokuwa tunatembea alinihadithia kwamba mchezo huu ulianzishwa nyumbani kwake na marehemu mkewe, Bi Shirin. Bi Shirin aliwahi kuingiza kwa mrusho mmoja, hapo hapo mlimani, na tangu siku hiyo mzee hakupumua. Akichelewa kuamka anaambiwa, walioingiza kwa mrusho mmoja wameshaamka. Chai ikimwagika anaambiwa, mwenzio ana mkono ulionyooka. "Alinitania mpaka wodini," akasema. "Nilimwambia subiri, nitakulipiza. Hakusubiri."

Basi tukafika kwenye kikapu kilichokuwa nyuma ya kilima kidogo. Ukisimama pa kurushia hukioni, unarusha kwa kukisia. Tukarusha wote, mzee wa mwisho. Kisahani chake kilipanda, kikapinda na upepo, kikazama nyuma ya kilima. Upande ule mteremko ni mkali, nikaona mzee asije akateleza, nikatimka mbele na viatu vyangu vya ofisini.

Nilikikuta juu ya kikapu, Mama Hawa. Juu ya lile bati. Kilikuwa kimelala pale kama chapati kwenye kifuniko cha sufuria. Sikufikiri lolote. Nilinyoosha mkono, nikakichukua, nikakishika kwa mikono miwili kama siku zote, nikageuka. Wakati huo huo wenzangu wanachomoza juu ya kilima, na wanachokiona ni mimi nimesimama kando ya kikapu na kisahani cha mzee mikononi, wakaamini nimekitoa ndani.

Bwana Ross ndiye aliyepiga kelele kwanza. Ochieng akatoa simu kupiga picha. Mzee Nizar alishuka ule mteremko peke yake, taratibu, akakipokea kisahani, akakigeuza, akakitazama, kisha akanikumbatia na tai yangu. Alikuwa analia. Alitaja jina la mkewe sikioni mwangu, na mengine kwa Kihindi chao ambayo sikuyaelewa.

Walipotulia nilimvuta Ochieng pembeni nikamuuliza, kisahani kikikaa juu ya lile bati kinahesabiwa? Akasema hapana, lazima kiwe ndani. Kisha akaniangalia usoni, simu akaishusha.

"Wacha," akasema. "Idrisa, wacha. Wewe si ulikuwa unaenda kufutwa? Hii ndiyo imekuokoa. Nyamaza tu, bro. Umemfurahisha mzee wa watu, shida iko wapi?"

Nami nilitaka kunyamaza, sikufichi. Niliwaona wewe na Hawa mnashuka kwenye ndege. Nilijiambia sijasema uongo wowote, sijafungua hata mdomo. Tukamaliza vikapu vilivyobaki, mzee anarusha ovyo na kucheka, hajali tena kushinda wala kushindwa.

Wakati wa kushuka viti huchukua watu wawili wawili. Mzee akanishika mkono, "Twende wote, mpiga mbio." Ufito ukafungwa, miguu ikaning'inia, na huko chini nyumba zilikuwa ndogo kama punje. Nilikuwa naogopa kuanguka, naogopa kufukuzwa, naogopa kumvunja moyo, na hofu zote zikawa zinasukumana mlangoni. Nikaona nikifika chini sitasema tena maishani.

Nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Kisahani chako hakikuwa ndani. Kilikuwa juu ya bati. Mimi nilikichukua sijui kama kuna tofauti."

Kiti kilipita nguzo moja, kikatikisika, tukapita nyingine. Nilishika ufito mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikaona mabega yake yanatingishika, nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka, lakini kicheko cha chini, cha mtu aliyechoka.

"Juu ya bati," akasema. "Angeniimbia wimbo huu mpaka nife." Akafuta macho. "Na wewe ungeweza kukaa kimya. Kwa nini hukukaa?"

Nikamwambia ningeshindwa kumtazama Jumatatu. Halafu kwa vile nilishaharibu, nikamalizia yote: kwamba hata hivyo najua Jumatatu huenda isiwepo kwangu, kwamba nina mke na mtoto wanaosubiri kujua kama nitabaki, na kwamba namshukuru kwa hewa safi.

"Kubaki wapi?" akauliza.

"Kazini, mzee. Si ndiyo maana nimeitwa mlimani?"

Aligeuka mpaka kiti kikayumba. "Nani kakwambia? Mtu anayeondoka nimlete huku nimlipie kiingilio? Huku naleta wanaobaki. Meneja ana taarifa yako tangu wiki iliyopita, nilidhani umeshaambiwa." Kisha akanitazama tai, shati, viatu, akaelewa. "Kwa hiyo siku nzima ulikuwa umevalia kufukuzwa."

Mke wangu, nilisahau kwamba niko hewani. Niliachia ufito.

Chini, mezani, watu wanakula, mzee akasimama mwenyewe akawaambia kisahani kilikuwa juu ya bati, na aliyemwambia ni mimi. Bwana Ross alicheka mpaka akapaliwa, akampiga mgongo, akasema atamkumbusha jambo hili kila atakapomwona. Mzee akasema vizuri, itabidi arudi mwakani basi, na mimi nitakuja, lakini atakayegusa kisahani chake kabla yake atamrusha yeye. Ochieng alikuwa ameinamia sahani ya chipsi. Nilimuuliza kama alijua kuwa huku wanaletwa wanaobaki. "Nilikuwa nakushtua tu," akasema. "Hiyo tai sikuitegemea." Kisha akanipa soda yake, na nadhani alikuwa anaomba radhi.

Jumatatu meneja aliniita, akanipa mkono, akaniambia mimi ni wao. Mzee Nizar ameuliza jina lako na la Hawa na kusema nikihitaji mtu wa kunithibitisha kwa wahusika, yupo. Lakini bado hakuna kilichoanza, na ndiyo maana nakusihi usiseme. Unawajua watu wetu. Safari ikitajwa kabla ya wakati kila mmoja ana neno la kuweka juu yake, na mama kwa furaha atatangaza mpaka sokoni. Siku mkikaa kwenye ndege na mikanda imefungwa, hapo aambiwe kila mtu.

Nisalimie mama mzazi, mwambie mwanawe anavaa soksi. Nisalimie dada Mwajuma, mjomba Shabani anayetulimia lile shamba la alizeti, na bibi yako aliyenisomea dua siku naondoka, mwambie inafanya kazi. Hawa mbusu kwenye kisogo, pale panaponukia.

Ni mimi mumeo anayekuwaza,
Idrisa

Namna ya kunipata ni hii. Usipige kutoka nyumbani. Nenda dukani kwa kaka yako Hamisi saa mbili usiku, wakati anapanga bidhaa na hana masikio, uazime simu yake. Huku kwangu ni mchana, nitakuwa nimesimama peke yangu nyuma ya ghala. Usiongee, bipu tu. Ukibipu mara moja nitajua barua imefika na unataka muda wa kufikiri, nami sitakuharakisha. Ukibipu mara mbili nitajua uko tayari kuja, na nitaanza siku hiyo hiyo. Hamisi akikuuliza ulikuwa unampigia nani, mwambie umekosea namba, kisha futa namba yangu kabla hujamrudishia. Nitasimama pale kila siku ya kazi mpaka ilie.