Kofia ya Rubani

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paka kazalia kabatini, juu ya koti la baba. Unakumbuka? Kile kipindi cha watoto cha kujivika na kuigiza kikiisha tu kwenye televisheni, tulikuwa tunaling'ang'ania koti hilo! Wewe na kofia yako rubani, mimi abiria. Sheria ilikuwa moja: aliyejivika haitwi jina lake mpaka mama agonge sufuria kutuita mezani.

Siku hizi mama anasahau. Juzi, kagoma kula, akauliza, "Rubani wangu hajarudi?" Nikavaa kofia yako, usicheke, inanibana kama nini, nikasema, "Nimetua, mama." Akala akamaliza.

Sasa naivaa kila mlo. Lakini mama hapiki tena, na sufuria haina wa kuigonga.

Njoo univue kofia, kaka.

Abiria wako