Alama za Dawa kwenye Karatasi ya Bibi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nina miaka kumi na sita na naomba unisaidie, kwa sababu jambo hili nimelibeba peke yangu na linanielemea. Bibi yangu mzaa mama ana ugonjwa wa kutetemeka na anaishi kwenye makao ya wazee, na kila nikitoka shule napita kumchana nywele, na anayemhudumia pale ni mama yangu mdogo, bintiye wa kumzaa, kwa hiyo sote tulijua yuko katika mikono salama. Lakini siku hizi namkuta amekakamaa, mate yanamtoka, hata jina langu hawezi kulitamka, naye alikuwa mcheshi, akiniambia, "Nigeuze taratibu, mimi si gunia." Juzi nilifungua kabati lake nikakuta vikombe vitatu vya dawa za mchana, vidonge vimo, na karatasi ya dawa imetiwa alama zote, hata ya jioni, na jioni ilikuwa haijafika. Nilipomuuliza mama mdogo alisema, "Mwanangu, wazee ishirini, mimi mmoja. Alama natia zote asubuhi. Mchana nikimkuta amelala, namwonea huruma kumwamsha. Ukisema, kazi sina." Akalia, nikamwahidi kunyamaza, na jana bibi alipaliwa na maji nikamfuta kidevu huku najua sababu. Nikisema, si nitakuwa nimemsaliti mama mdogo?

Mjukuu

Marahaba, Mjukuu. Pole sana. Mama yako mdogo si mtu mbaya, amechoka. Lakini alama iliyotiwa kabla kidonge hakijamezwa ni uongo, na daktari akiisoma atadhani dawa haitoshi, aongeze. Ulifikiria hilo? Dawa ya bibi yako huenda kwa saa. Huruma ya kumwacha alale ndiyo inayomkakamaza. Na wewe nawe, ahadi gani hiyo? Mficha maradhi kilio humuumbua.

Mwambie mama yako leo. Nendeni na mama mdogo kwa muuguzi mkuu, mkiwa na vikombe hivyo, na mama mdogo aseme mwenyewe, tena adai msaidizi wa mchana. Usithubutu kumpa bibi vidonge vilivyobaki ili kufidia. Daktari ndiye ataamua. Sikufichi, huenda kazi ikamponyoka. Kazi hutafutwa, mama hatafutwi.

Barua yako imekaa njiani siku nne. Weka gazeti chini, mwanangu, nenda.