Hela za Nyumba Moja

Mwenzangu, usinipigie. Niko chooni hapa kazini, nimejifungia.

Si nilikuambia leo namvaa bosi? Nimemvaa. Mbele ya mafundi wote nimemuuliza kwa nini wanaume wote tunaoshona nao makochi wameongezewa mshahara, mimi peke yangu sijaongezewa.

Akacheka! "Shemeji, wewe na mumeo hela si zinaingia nyumba moja? Nimemwongeza yeye, inatosha."

Nikamwambia, "Sindano inanichoma mimi, haichomi nyumba."

Hapo akaacha kucheka. "Kwani hakukuambia? Nilikaa naye, akakubali."

AKAKUBALI. Mume wangu!

Nikageuka. Baba watoto alikuwa pale pale, anapigilia kitambaa kwenye kochi, vimisumari vimejaa mdomoni kama kawaida yake. Nikamuuliza, "Ni kweli?"

Unajua alifanya nini? Akatoa kimoja, akakigonga. Akatoa kingine, akakigonga. Yaani hakuvitema hata anijibu!

Na wiki nzima ananiambia nivumilie, eti bosi kabanwa. Wiki nzima! Na mimi kwa ujinga wangu nikamwonea bosi huruma.

Ngoja, kuna mtu anagonga.

Ni yeye. Eti, "Mama watoto, toka basi, mteja anataka makochi yake leo."

Nimemjibu kwa sauti mpaka bosi asikie: "Kumbe misumari umeitema! Haya, kashone mwenyewe. Si unalipwa kwa watu wawili?"