Mkia wa Maksai Mwekundu

Mpendwa mke wangu, Mama Rhobi,

Niwie radhi kwa kunyamaza muda mrefu namna hii. Tangu tulipokulaza nyuma ya nyumba, karibu na migomba yako, sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyekuwa nikikukaripia barua zako zilipochelewa. Mara nyingi nimekaa mezani, nikaandika jina lako, kisha nikashindwa kuendelea. Leo nimelazimika. Jumamosi hii kuna jambo ambalo huenda nikalifanya au nisilifanye, na sina mtu mwingine ninayeweza kumweleza ukweli wake wote.

Unaikumbuka barua yako ya kwanza? Nilikuwa mwalimu kijana hapa Kemambo, nawe ulikuwa muuguzi katika zahanati ya Machochwe, ng'ambo ya mto. Uliniandikia kurasa mbili za mapenzi. Nilikurudishia kurasa zile zile zikiwa na masahihisho ya wino mwekundu. Ulinijibu kwa mstari mmoja: "Masahihisho nimeyaona, Mwalimu. Jibu lenyewe liko wapi?" Niliona haya, lakini sikuiacha tabia ile. Nimeishi nawe miaka yote hiyo nikisahihisha.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, nyumba ilinishinda. Kila asubuhi nilichemsha chai nikamimina vikombe viwili, kisha nikakaa nikikitazama cha pili kikipoa. Siku moja nikatoka nje ili nisikitazame. Nikatembea hadi njia panda. Siku iliyofuata nikatembea haraka zaidi, na juma la pili nikajikuta ninakimbia.

Ungecheka, Mama Rhobi. Asubuhi ile ya kwanza ya kukimbia, jirani yetu Marwa aliniona nikipita mbio, akapiga yowe. Kabla sijafika shuleni, wanaume saba walikuwa nyuma yangu na marungu na mikuki.

"Mwalimu, wamepita wapi?" akauliza Marwa, akihema.

"Akina nani?"

"Wezi! Ng'ombe wa nani wamechukuliwa?"

"Hakuna ng'ombe aliyechukuliwa. Ninakimbia tu."

Marwa akawageukia wenzake. "Rudini nyumbani. Huyu anafukuzwa na kitu ambacho hatuwezi kukipiga mkuki."

Habari hizo zilimfikia Rhobi huko Mwanza. Binti yako siku hizi hushiriki mashindano ya michezo mitatu, ambayo mtu huogelea, huendesha baiskeli, kisha hukimbia bila kupumzika katikati. Akanipigia simu. "Shikamoo, baba. Nasikia unakimbia mpaka watu wanachukua mikuki." Akaniambia kuwa kuna mashindano ziwani ya nusu ya masafa kamili: majini karibu kilomita mbili, baiskeli kilomita tisini, mbio kilomita ishirini na moja. Nikamwambia aniandikishe. Mbio nilikuwa nazo, na baiskeli nimeiendesha tangu nikiwa mwanafunzi. Akanisomea fomu kwenye simu, akafika kwenye swali kama ninajua kuogelea.

"Andika ndiyo," nikasema. "Nilivuka Mto Mara kwa kuogelea, nikiwa na mama yako."

"Hadithi hiyo ninaijua, baba," akasema, akaandika.

Nawe unaijua kuliko sote. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Tulikuwa tunarudi kutoka kwa baba yako, naye alikuwa ametupa maksai mwekundu wa kulimia. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, mto ukajaa, na daraja lilikuwa mbali. Tukafanya kama wachungaji wetu wafanyavyo: tulimtanguliza maksai majini, mimi nikamshika mkia kwa mkono wa kulia, nawe ukanishika mkanda. Nilipiga miguu kwa nguvu zangu zote. Maji yalinifika mdomoni, nikakusikia nyuma yangu ukisema, "Usiachie, Mwalimu, usiachie." Tulipotoka ng'ambo ya pili ulikuwa umepoteza viatu vyote viwili, tena ulikuwa unacheka.

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwasimulia watu harusini na misibani kwamba nilimvusha mke wangu Mto Mara kwa kuogelea. Wewe ulikuwa ukimimina chai, hukusema neno. Ni katika juma lile la mwisho tu, nilipokuwa nikimsimulia yule muuguzi kijana aliyekuja kukutazama, ulipofumbua macho ukasema, "Ng'ombe ndiye aliyetuvusha, Mwalimu."

Muuguzi alicheka. Mimi nilikusahihisha. Nilisema, "Hapana, Mama Rhobi, tuliogelea." Ukafumba macho. Hukuniambia tena sentensi ndefu kuliko kuomba maji. Nimeyabeba maneno yangu hayo tangu siku hiyo, na hayapungui uzito.

Sasa nikueleze yaliyofuata. Kwanza nilikwenda kwa baiskeli hadi bwawa la Manchira. Mlinzi alinikuta ninavua shati. "Shikamoo, mzee. Vaa shati lako. Hayo ni maji ya kunywa ya Mugumu nzima." Alikuwa na haki, nikamshukuru. Nikarudi nikajifundisha katika lambo la Marwa, miongoni mwa ng'ombe waliokuja kunywa. Miezi mitatu nilikwenda na kurudi, nikihesabu mizunguko, nikiamini kwamba ninasonga mbele.

Hapa kijijini yupo mama mmoja wa Ukerewe, Mama Tumaini, aliyekuja na mumewe aliyefuata dhahabu. Yeye huwapikia wachimbaji. Amekulia kisiwani, maji kwake ni kama uwanja wa nyumba. Siku moja alipita na ndoo zake, akasimama kwenye tuta la lambo kunitazama.

"Shikamoo, Mwalimu. Hapo unafanya nini?"

"Marahaba. Ninaogelea."

"Unatembea, Mwalimu. Umelala, lakini unatembea. Miguu yako inakanyaga tope."

Nikamwambia amekosea. Hakubishana nami. Aliweka ndoo chini, akaingia majini na gauni lake, akaniongoza hadi upande wa tuta ambako lambo lina kina. Nikatafuta tope kwa vidole, sikulipata. Nilizama kama jiwe, Mama Rhobi. Alinitoa kwa kunikamata ukosi. Nilipomaliza kukohoa aliniuliza, "Na huo mkono umeshika nini?"

Nikautazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefumbwa kwa nguvu hata kucha zimeacha alama kiganjani. Nikamsimulia habari za maksai. Nilidhani atacheka, kwa kuwa ni mtu wa mzaha, lakini hakucheka. Alisema tu, "Ngumi haisukumi maji. Kiganja lazima kifunguke. Na ng'ombe hayupo."

Tangu siku hiyo tunafanya kazi kila asubuhi. Kwenye maji ya kina kifupi kiganja hufunguka vizuri. Miguu ikiacha tope tu, hujifumba. Ninaamuru kifunguke, hakitii. Nimewaamuru watoto wa watu miaka arobaini wakatii, na mkono wangu mwenyewe umenishinda.

Lipo jambo ambalo sikumweleza Mama Tumaini. Mkono huo ndio uliokushika siku uliyotuacha, na ilibidi muuguzi aufungue kidole kimoja baada ya kingine, wewe ukiwa umekwisha kupoa. Mimi sikuweza kuufungua. Sikuufungua mimi.

Na lipo jingine, ambalo hata Rhobi sikumweleza. Ninapofanya mazoezi ya baiskeli hupita darajani, juu ya mto ule ule. Juma lililopita nilisimama pale, nikaegemeza baiskeli, nikayatazama maji. Nilisimama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye akili zake. Niliona kwamba kule chini hakuna chai ya kupoa mezani. Lori lilipita likapiga honi, nikashtuka, nikapanda baiskeli nikarudi nyumbani.

Sijui kwa njia gani binti yako huyajua mambo haya. Jana aliniuliza waziwazi, kama ulivyokuwa ukiuliza wewe. "Baba, niambie kweli. Unataka kumaliza mashindano, au unataka kumfuata mama?"

Nikatafuta kosa la kusahihisha katika swali lake.

"Mimi nitaogelea kando yako," akasema. "Lakini sitakubali unishike. Ukinishika tutazama wawili. Ijumaa mchana nataka jibu, unakuja au huji. Nikilikosa, mimi mwenyewe nitalifuta jina lako."

Hapo ndipo nilipofika. Nikiacha, Jumapili nitachemsha chai, nitamimina vikombe viwili, na nitaendelea hivyo hadi nitakapoletwa hapo nyuma karibu nawe. Nikienda na mkono uliofumbwa, Rhobi atakuwa ametuzika wote wawili kabla mwaka haujaisha, naye hana ndugu wa kumsaidia kulia. Nimeyapima yote mawili kama nilivyozoea kupima kila jambo, na yote mawili yananitisha. Sina tumaini la kukuandikia hapa. Nina kesho asubuhi tu. Mama Tumaini atanisubiri kwenye lambo, upande wa tuta, kwa mara ya mwisho. Amesema hataingia majini. Atasimama na kamba, nami nitasukuma maji au nitavutwa.

Nilitaka kukuambia usiogope nikikueleza haya, kisha nikakumbuka kwamba wewe hukuwa mwoga kamwe. Mwoga nilikuwa mimi, niliyeshika mkia nikausahau, nikawaambia watu kwamba nilikuwa ninaogelea. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyekuvusha. Uliniachia nidhani hivyo, ukamimina chai, kwa sababu ulijua siku moja nitahitaji kuujua ukweli, na hukutaka niupate mbele za umati harusini.

Ulisema kweli, Mama Rhobi. Ng'ombe ndiye aliyetuvusha. Masahihisho yako nimeyapokea, ingawa nimechelewa, na jibu langu ndilo hili.

Barua hii sitaisoma tena ili kuisahihisha. Nitaikunja kama ilivyo niiweke chini ya jiwe pale kwenye migomba kabla ya kwenda lamboni. Rhobi lazima ajibiwe kwanza, kwa sababu yeye yu hai na ana haki hiyo. Baada yake, nikishaamua kwenda au kubaki, nitakaa tena kwenye meza hii nikuandikie neno hilo moja, kwa mkono huu wa kulia, ambao ili ushike kalamu lazima kwanza ufunguke.

Mumeo,
Mwalimu