Divai Waliyosema Hailevyi

Kihanga, Jumatatu, Novemba 1953

Mvua ilianza alfajiri, ikakatika kidogo nilipotoka, na sasa imerudi kwa nguvu. Mwanangu Koku yuko mlangoni na ungo wake, ananyonyoa mabawa ya senene, wale panzi wa kuliwa, huku akiimba. Mimi nina hasira. Nina hasira hata mkono unaoandika unakwaruza karatasi.

Nataka kuyaandika mambo yalivyokuwa, kabla watu hawajaanza kunifundisha namna ya kuyasimulia.

Mume wangu alikuwa mlevi. Hiyo si siri, Kihanga nzima inajua. Alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu ujana wake kama wanavyokunywa wengi huku kwetu, harusini, msibani, na mgeni akifika. Tofauti ni kwamba wenzake walipoinuka kwenda makwao, yeye alibaki na kibuyu. Mimi nilikuja kuolewa hapa kutoka Muleba, binti wa shule ya misheni, najua kusoma na kushona, sijui kuishi na mlevi. Nilijifunza. Nilijifunza kujua hali yake kwa mlio wa miguu yake njiani, kabla hajafika uani.

Aliacha wakati Koku anaanza kutembea. Hakuna aliyemlazimisha. Tulikuwa shambani, akatua mkungu wa ndizi chini, akaniambia amemwahidi Mungu kwamba pombe haitapita tena kooni mwake, hata tone. Sikumwamini. Nani angemwamini? Lakini aliishika ahadi yake. Migomba ya kukamulia pombe aliikata yote, akapanda ya kupika. Majirani wakikamua, yeye hupita njia ya mbali. Msibani hukaa upande wa wanawake, na wanaume wenzake wakambatiza jina la kike: Ma Zakaria, yaani Mama Zakaria. Alicheka nao. Mimi sikucheka.

Kilibaki kikombe cha Meza ya Bwana.

Kila Mchungaji alipokuja kutupa Chakula cha Bwana, Zakaria alibaki kwenye benchi. Divai ni divai, aliniambia, na yeye analijua koo lake. Watu walipomwona amekaa peke yake huku wengine wanapiga magoti, wakaanza kunong'ona kwamba ana dhambi ya siri. Aliyaacha yapite.

Kwa hiyo mkutano wa usharika ulipokubali ombi la wale waliookoka, kwamba kikombe kiwe cha divai isiyo na kileo, nililia mbele za watu. Wazee wa kanisa waliagizwa wachague divai nyekundu nzuri isiyolevya, na mimi nikaongezwa ili wanawake nao wawe na mdomo pale mezani.

Mdomo niliokuwa nao haukunisaidia kitu.

Tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mimi, wazee wawili wasiopenda kubishana na mtu, na Ta Elieza. Ta ni jina la heshima tunalowapa wanaume huku, na Ta Elieza ndiye mkubwa wa wazee hapa. Ndiye hutangaza nyimbo, ndiye hufunga hesabu ya sadaka, na nyumbani kwake Nyakasimbi ndiko Mchungaji hulala akija. Akikohoa, watu hunyamaza.

Mezani kulikuwa na vikombe vitatu. Cha kwanza kilikuwa sharubati nyekundu ya dukani, ile ya kuchanganya na maji. Mzee mmoja akaionja, midomo ikawa myekundu kama ya mtoto aliyeiba matunda, tukaiweka kando. Cha pili nilikileta mimi. Nilinunua zabibu kavu, nikaziloweka, nikazichemsha, nikazikamua kwa kitambaa safi. Ilikuwa tamu, nzito kidogo, na mtoto angeweza kuinywa. Ila rangi yake ilikuwa ya kahawia.

"Hii ni chai," alisema Ta Elieza. "Damu ya Bwana haina rangi ya chai."

Kisha akatoa chupa. Chupa ndefu, nyeusi, yenye kizibo cha gome, haina karatasi ya jina. Alisema Ta Klemensi mwenye duka amemletea kutoka Bukoba, na ameapa kwamba haina kileo hata kidogo. Ni maji ya zabibu ya Ulaya, yamepikwa hukohuko. Akamimina. Ilikuwa nyekundu hasa, ukiiinua kwenye mwanga unaona uzuri wake. Wale wazee wawili wakasema, "Aaa!" kwa pamoja, na mambo yakawa yameisha hapo, maana macho yao yalikuwa yamekwisha kunywa.

Mimi niliinusa. Nikasema, "Baba, hii ina harufu ya pombe. Naomba tumuulize Ta Klemensi mwenyewe."

Ta Elieza alinitazama kwa upole kabisa. "Mama Koku," alisema, "pua yako imezoea nyumba yako."

Wakacheka. Hawakucheka sana, kidogo tu, kama watu wanaojua kwamba si vizuri kucheka. Nikakusanya kikombe changu na kitambaa changu nikatoka.

Hayo yalikuwa wiki iliyopita. Jana ndiyo ilikuwa Jumapili yenyewe.

Nilimwambia Zakaria asipokee. Nilimweleza harufu ile. Akanijibu kwamba wazee wametangaza kanisani, mbele ya madhabahu, kwamba kikombe hakina kileo, na yeye hawezi kumwita mzee wa kanisa mwongo kwa sababu ya pua ya mke wake. Alivaa shati jeupe nililompigia pasi. Alikuwa na furaha. Nikikumbuka ile furaha yake ndipo hasira inanipanda mpaka masikioni.

Alipiga magoti karibu nami. Mchungaji akapita na mkate, halafu na kikombe. Nikamwona Zakaria anafumba macho, anapokea, na papo hapo shingo yake ikakaza. Hakumeza. Alikaa hivyo, mashavu yamejaa, machozi yanamtoka, na Mchungaji amekwishapita kwa jirani. Kisha akainuka. Alitembea katikati ya kanisa zima likimtazama, akatoka mlango wa pembeni, na wote tukamsikia akitema nje, kwenye mibuni.

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu!"

Baada ya ibada wazee walimwita. Mimi nilisimama mlangoni, hawakuthubutu kunifukuza. Walimwambia ameitema damu ya Bwana chini kama mate, mbele ya watoto. Akawajibu neno moja tu: "Nilimwahidi Mungu." Ta Elieza akasema ahadi si ruhusa ya kukufuru. Wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Mchungaji alikuwa anafuta miwani yake.

Na Zakaria hakujitetea! Alikubali kwa kichwa, akachukua kofia yake, tukarudi nyumbani. Mchana kutwa hakula. Jioni majirani walipoanza kuimba kwenye pombe yao, aliniomba nifunge mlango na ufunguo nikae nao mimi.

Asubuhi ya leo, mvua ilipopungua, nilijitanda kanga nikaenda dukani kwa Ta Klemensi. Nilikwenda kumtukana, nisiandike uongo. Yeye ni mtu wa kwetu Muleba, Mkatoliki, na huwa tunasalimiana vizuri. Leo sikumsalimu. Nilimuuliza kwa Mungu gani aliapa kwamba ile chupa haina kileo.

Alishtuka mpaka akaacha kupima chumvi.

"Mimi niape? Mama Koku, Ta Elieza alikuja akaniambia, niletee divai nzuri, nyekundu, kama ile wanayonunua mapadri. Nikamletea. Divai ni divai! Halafu akaniomba niibandue ile karatasi. Nilidhani hataki watu wajue mmenunua ya Wakatoliki."

Nikamuuliza mara ya pili, taratibu. Akarudia maneno yaleyale.

Ta Elieza alijua.

Toka Kihanga mpaka kwa Ta Elieza sikumbuki njia. Nakumbuka matope tu. Nilimkuta barazani na Mchungaji, wanakunywa chai, baiskeli ya Mchungaji imeegemezwa ukutani tayari kwa safari ya Kimuli. Nilipiga goti nikawaamkia, "Shikamooni," maana nimelelewa, kisha nikamwambia Mchungaji yote niliyoyasikia dukani.

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Elieza, ulijua?"

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Hakukana.

"Nilijua," alisema. "Bwana wetu hakuwapa mitume sharubati. Baba zetu katika imani walipokea divai, na mimi nimeipokea tangu ujana wangu na sijawahi kuanguka njiani. Leo walevi wachache wameokoka, basi Sakramenti ibadilishwe kwa ajili yao? Nikaona heri wapokee kilicho sahihi bila kujua. Mtu hadhuriwi na asichokijua."

"Mume wangu alikijua kikiwa bado mdomoni," nikasema.

"Angemeza kwa imani, isingemdhuru."

Hapo ndipo nilipopaza sauti, na simwombi mtu radhi. "Bwana Yesu alichukua kikombe akawaambia wenzake kilichomo! Hakumwambia Petro kina kitu kingine. Wewe ulisimama pale madhabahuni ukamdanganya mtu aliyepiga magoti. Kati yako na Zakaria, nani aliyekinajisi kikombe?"

Ta Elieza alisimama. Mkewe alitokea mlangoni, akanitazama, akarudi ndani. Mchungaji aliinua mkono, tukanyamaza wote.

Akasema kikombe kijacho kitakuwa cha zabibu za kuchemsha, na mimi ndiye nitakayezipika, na yeye atautangazia usharika yeye mwenyewe. Akamwambia Ta Elieza kwamba amekosa, na akirudi kutoka Kimuli watazungumza, wao wawili.

"Na mume wangu?" nikauliza.

"Mumeo naye aje mbele ya wazee aeleze. Kutema ni kutema, Mama Koku. Watu wameona."

"Aeleze nini? Kwamba ana ulimi?"

Akasema barabara itazidi kuharibika, akachukua baiskeli yake.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mwongo watazungumza naye faraghani, wakinywa chai. Aliyedanganywa atasimamishwa mbele ya watu. Ta Elieza bado ni mkubwa wa wazee, na aliponisindikiza mpaka kwenye njia, kwa adabu zake zote, alinipa parachichi nimpelekee mtoto. Nikalipokea! Hasira zote zile, na mikono yangu ikapokea, ikasema ahsante. Nililitupa kwenye mto wa kwanza niliouvuka.

Nilimkuta Zakaria kitandani, ameelekea ukuta. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama, maji ya mvua yananichuruzika. Nilitaka ainuke. Nilitaka apige kitu. Nikamwambia, wewe ni mtakatifu kuliko wote waliokutenga, na nitalisema hilo mbele ya kila mtu.

Akageuka akanitazama.

"Usiseme hivyo, Mama Koku. Sikutema kwa utakatifu." Akajifuta midomo kwa kiganja. "Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Tangu jana naitafuta mdomoni."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, na nguo zangu mbichi.

Mpaka saa ile nilikuwa nadhani hasira yangu ni ya uongo wa madhabahuni, na ya kile kicheko juu ya pua yangu. Sasa nikaona kitu chenyewe. Huyu mtu alijenga ukuta kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, hakuna aliyemsaidia, wengine walimcheka akijenga. Na mzee mwenye Biblia kwapani amekuja kuubomoa, halafu akasema mtu hadhuriwi na asichokijua.

Zakaria aliinuka, akavaa koti kuukuu, akachukua panga. Nikamuuliza anakwenda wapi na mvua hii. Akasema anakwenda kukata majani makavu ya migomba mpaka achoke, na akichoka atakata mengine. Nikamwacha aende. Ningemwambia nini?

Namsikia huko migombani. Panga linapiga, linanyamaza, linapiga tena. Likinyamaza sana nainua kichwa.

Jumapili ijayo Ta Elieza atasimama kutangaza wimbo, nami nitauimba, maana nyimbo si zake. Siku Zakaria atakapoitwa mbele ya wazee nitakwenda naye, nitasimama ubavuni kwake, na wakitaka kunitenga na mimi wanitenge. Zabibu nitazipika. Hayo yote nitafanya.

Lakini sijasamehe. Naliandika wazi, ili siku nitakapompa Ta Elieza mkono nisije nikajidanganya kwamba moyo nao umetoa wake. Najua Maandiko yanasemaje juu ya jua kuchwa na hasira yangu. Jua lenyewe leo hatujaliona.

Mungu na aniulize kesho. Leo sitaki.