Damu ya Ukoo

Goreti, mwenzio natetemeka. Nipo hospitali hapa Nachingwea, mtoto wa kaka Kornel kaishiwa damu.

Wamempima, ni B. Kaka ni A. Wifi Rozalia naye A. Wakasema wote wawili hawafai, tutafute ndugu mwenye B.

Akapimwa mdogo wetu Amedeus. B!

Mama kapiga vigelegele palepale: "Mnaona? Damu ya ukoo haipotei!" Haipotei, Goreti! Mbele ya kaka!

Kaka aliyetufundisha Baiolojia. Si unakumbuka ubaoni, A na A hawazai B?

Hakufoka. Wifi kainamisha kichwa mpaka sasa.

Mtoto kaongezewa damu, anapumua vizuri. Kaka kamshika Amedeus begani, kamwambia taratibu: "Ahsante, mdogo wangu. Kesho twende shamba Nandagala, mimi na wewe tu."

Na yule mjinga kakubali, anacheka.